Krismasi ya Jumuiya Mjini Moshi: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Mlo wa Pamoja na Sadaka kwa Wahitaji

Kila inapofika katikati ya Desemba, jumuiya nyingi za makanisa ya Moshi, ziwe za Kilutheri au za Kikatoliki, hufanya mambo mawili kwa mpigo: hula pamoja, na huwapa wahitaji walio karibu nao mchele, mafuta, sabuni na nguo. Yote mawili ni mema, lakini yakifanyika mahali pamoja na saa ileile, la pili hulitia doa la kwanza. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nilikuwa katibu wa jumuiya yetu mwaka ule tulipopanga mifuko minane juu ya meza, mbele ya watu wote, tukaanza kuita majina. Bibi mmoja mjane, ambaye ndiye aliyekuwa akituanzishia nyimbo kila Jumamosi asubuhi, aliitwa wa tatu. Alisimama, akaupokea mfuko kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema ahsanteni. Kisha akapita moja kwa moja hadi getini, mfuko ukiwa chini ya kitenge chake, na pilau ilikuwa bado haijapakuliwa. Hatukumwona tena jumuiyani mpaka Kwaresima.

Mwongozo huu umejengwa juu ya tulichojifunza siku ile: aliyetoa na aliyepokea wakae kwenye mkeka mmoja, wale sinia moja, na mtu mwingine yeyote asiweze kuwatofautisha. Kila hatua inayofuata, kuanzia kalenda hadi daftari la hesabu, imewekwa ili jambo hilo liwezekane.

Kupanga tarehe

Kamati ikutane mara ya kwanza mwezi Oktoba. Sababu yake kila mkazi wa Moshi anaijua: mji huu huhama. Kuanzia tarehe 20 Desemba watu wa Majengo, Njoro, Pasua na Soweto hufunga milango yao wakapanda kwao mlimani Kilimanjaro, Kibosho, Machame, Marangu na Rombo, kwenda kuhesabiwa kama tunavyosema, na jumuiya ya mjini iliyopanga mlo wake tarehe 23 itajikuta na watu kumi na watano wakilizunguka sufuria la watu mia. Kwa jumuiya za mjini, Jumamosi ya pili ya Desemba ndiyo iliyotufaa kuliko nyingine zote. Kwa jumuiya za mlimani hali ni kinyume chake: huko nyumba hujaa kuanzia mkesha wa Krismasi, na siku nzuri ni kati ya tarehe 27 na 30, kwa kuwa tarehe 25 na 26 kila ukoo una shughuli yake na mbuzi wake.

Mkishaipata tarehe ya mlo, rudini nyuma siku nne. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka mifuko majumbani. Rudini tena wiki moja, na hiyo ndiyo siku ya kununua. Majilio huanza Jumapili inayoangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, na Jumapili hiyo iwe ukomo wa kupokea ahadi. Mwaka ambao Majilio yanachelewa kuanza, sogezeni mlo hadi Jumamosi ya tatu, vinginevyo mtalazimika kununua kabla fedha hazijaingia. Mwezi wote wa Novemba ubaki kwa kazi ya kutembelea kaya. Mjulisheni mapema mzee wa kanisa, au mwenyekiti wa kanda kwa upande wa Wakatoliki, maana tarehe yenu ikigongana na kipaimara au na harambee ya usharika, ninyi ndio mtakaohama.

Kamati ya watu watano

Watano wanatosha: mwenyekiti, mtunza hazina, kijana mmoja mwenye pikipiki au baiskeli, na akina mama wawili wanaoujua mtaa nyumba kwa nyumba. Katika hao, mmoja angalau awe mpangaji anayeishi chumba kimoja au viwili. Sura ya 6 ya Matendo ya Mitume inaeleza jinsi manung'uniko yalivyozuka katika Kanisa la mwanzo juu ya huduma ya kila siku, kwa kuwa wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa. Wakachaguliwa watu saba waisimamie, na majina ya wote saba ni ya Kiyunani. Mtaani kwetu wanaosahaulika ni wapangaji, kwa sababu wanahama mara kwa mara, hawana shamba wala kaburi la ukoo hapa, na wengi hawajaandikwa kwenye daftari la jumuiya yoyote. Mpangaji aliye ndani ya kamati atawajua.

Kuzifahamu kaya zenye uhitaji

Kazi hii ndiyo inayokula muda, na ndiyo ambayo jumuiya nyingi huimaliza kwa dakika kumi kwa kuisoma upya orodha ya mwaka uliopita. Kosa hilo lina gharama. Bibi aliyekuwa na shida mwaka jana huenda sasa ana mwana anayemtumia fedha kila mwezi, na nyumba ya jirani yake, ambayo mwaka jana ndiyo iliyotoa kreti mbili za soda, huenda baba amesimamishwa kazi tangu Agosti na hajamwambia mtu.

Nendeni wawili wawili, mwanamke mmoja awemo kila mara, wakati wa jioni ambapo watu wako nyumbani. Pigeni hodi, amkianeni kama desturi inavyotaka, kaeni mnapokaribishwa. Msiulize kama nyumba ina shida, kwa sababu mtu mwenye heshima zake atawajibu kwamba hawajambo na wanamshukuru Mungu, na mazungumzo yatakuwa yameishia hapo. Ulizeni mambo ambayo jibu lake linasema lenyewe: mtoto anaanza kidato cha kwanza shule gani, na sare imeshashonwa, dawa za presha zinachukuliwa hospitali ya Mawenzi au zinanunuliwa duka la dawa, nani anayelala na mzee usiku, kodi ya chumba inalipwa kwa mwezi au kwa miezi sita.

Na mtumie macho. Katika nyumba moja ya Pasua tulimkuta bibi anayelea wajukuu wanne, na mkaa wake ulikuwa ndani ya kopo la rangi la lita nne. Alitaka kutuchemshia chai, nasi tulishindwa kumzuia. Aliongeza vipande vitatu jikoni, akavipulizia, na chai ilipotokota tu akavitoa kimoja kimoja kwa koleo na kuvifukia kwenye bakuli la mchanga, ili vitumike tena kesho. Kisha akatumiminia chai ya rangi yenye sukari, sisi peke yetu. Wajukuu walisimama mlangoni wakitazama. Tuliondoka pale bila kuuliza swali hata moja, na kaya ile iliandikwa ya kwanza.

Wako wengine wasioonekana kwa urahisi, na inafaa kuwatafuta kwa makusudi: dereva wa bodaboda aliyevunjika mguu, ambaye bado anadaiwa marejesho ya pikipiki na mwenye chombo, dada wa kazi ambaye mshahara wake wote unakwenda kwao, mlinzi wa usiku asiye na ndugu mjini, mama aliyetoka hospitali na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, baba aliyefiwa na mkewe ambaye watoto wake wanakuja jumuiyani na nguo zisizofuliwa. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwasaidia kuthibitisha, lakini asiwape orodha. Orodha iwe yenu. Wala msiishie kwa waumini wenu. Jirani Mwislamu anayechota maji kwenye bomba lilelile ni jirani, na mfuko wake uwe sawa na wa wengine.

Kila kaya ipewe namba katika daftari moja linalotunzwa na mtu mmoja. Majina yajulikane kwa watu watatu tu, na katika vikao itajwe namba: kaya namba 4 ina wanafunzi wawili, kaya namba 6 inahitaji godoro. Jina la mhitaji lisiandikwe hata mara moja kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, kwa sababu likishaingia huko halirudi. Kuhusu idadi, ushauri wangu ni kaya nane zinazopata kitu cha kuonekana kuliko kaya ishirini zinazopata kilo moja moja; uchaguzi huo ni mgumu na utawaumiza, lakini ufanyeni.

Fedha na vitu

Ombeni ahadi kwa siri vilevile. Mtunza hazina agawe bahasha zisizo na majina kwa kila kaya ya jumuiya, zikiwemo kaya zilizo kwenye orodha ya kupokea, maana bahasha ikimruka mtu, mtaa wote utajua kwa nini. Hao watatia wanachoweza, hata kama ni shilingi 500, na wasizuiwe kutoa.

Niweke mfano wa hesabu. Jumuiya ina kaya 35. Kaya 20 zimetoa shilingi 20,000 kila moja na kaya 10 zimetoa shilingi 10,000. Tano zilizobaki zimetoa kidogo sana, na tusikihesabu hapa. Jumla ni shilingi 500,000. Fanyeni mnada mdogo Jumamosi moja ya Novemba baada ya sala, kama ule unaofanyika nje ya makanisa yetu kila Jumapili: mkungu wa ndizi, trei ya mayai, jogoo, maparachichi, fungu la magimbi. Mnada uliochangamka, wenye mnadi anayejua kuwatania akina baba, unaweza kuongeza shilingi 100,000 bila mtu kuona uzito. Mnazo sasa shilingi 600,000. Robo tatu, yaani 450,000, ziende kwa kaya zenye uhitaji, na 150,000 ziende kwenye mlo. Kaya nane zikihudumiwa kwa shilingi 45,000 kila moja, mtakuwa mmetumia 360,000, na zinabaki 90,000 ambazo hazitaguswa hadi Januari. Nitazirudia hizo mwishoni, kwa sababu ndizo zilizo muhimu kuliko zote.

Shilingi 150,000 hazitoshi mlo wa watu mia na ishirini ikiwa kila kitu kitanunuliwa. Zinatosha ikiwa mbuzi, mchele na ndizi vitatolewa na wanajumuiya wenyewe, na fedha zikabaki za viungo, mafuta, kuni, vinywaji na kukodi viti. Mwenye mifugo aombwe mbuzi, mwenye shamba la mpunga Kahe au Chekereni aombwe mchele, anayeshuka kutoka Uru aombwe ndizi. Vitu hivi viandikwe kwenye daftari kama fedha zinavyoandikwa, pamoja na uzito wake.

Kuhusu kutunza fedha, msiziweke kwenye simu ya mtu mmoja. Mwaka mmoja mtunza hazina wetu, mtu mwaminifu kabisa, aliibiwa simu stendi siku mbili kabla ya kununua, na ingawa fedha zenyewe hazikupotea, ilimbidi arudishe laini na kubadili namba ya siri, tukanunua kwa kuchelewa na kwa bei ya juu. Akaunti ya kikundi ya benki au huduma ya vikundi kama M-Koba, ambako fedha hazitoki mpaka zaidi ya mtu mmoja aidhinishe, inaondoa hatari hiyo na inaondoa pia maneno ya watu. Mtume Paulo alipokuwa akikusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine waliochaguliwa na makanisa, na katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8, anaeleza kwamba alifanya hivyo ili pasiwepo wa kuwalaumu katika usimamizi wa fedha nyingi kiasi kile. Kama Paulo alihitaji mashahidi, nasi tunawahitaji. Kumbukeni pia kutenga makato ya kutuma na kutoa fedha. Katika kiasi kidogo kinachotumwa mara nyingi, makato hula mfuko mzima wa kaya moja.

Kununua na kufunga mifuko

Nunueni kabla ya wiki ya tatu ya Desemba, kwa sababu mji ukishaanza kujaa wageni, bei za mchele, mafuta na vitunguu hupanda siku hadi siku. Sisi hununua soko la Mbuyuni, kwa jumla, asubuhi na mapema, tukiwa wawili na orodha mkononi. Ukishika mchele, utie kiganjani na kuupuliza. Chuya na mawe vionekane pale pale, si kwa bibi wa watu mwenye macho hafifu.

Kwa kaya ya watu wanne au watano, mfuko wetu huwa na mchele kilo 4, unga wa sembe kilo 10, maharage kilo 2, mafuta ya kupikia lita 1, sukari kilo 1, majani ya chai, chumvi, kiberiti na sabuni ya mche. Unga ni mwingi kuliko mchele kwa makusudi. Mchele utaliwa Krismasi, lakini sembe ndiyo itakayokuwepo tarehe 6 Januari. Badilisheni kulingana na kaya: mzee asiye na meno hahitaji maharage makavu yanayomaliza mkaa, mpelekeeni mkungu wa ndizi mshare na nyama ya supu apikiwe mtori, yaani supu ya ndizi, mwenye kisukari mwondoleeni sukari mkamwongezee mayai, mama mwenye mtoto mchanga aongezewe sabuni ya unga na beseni.

Nguo zinahitaji uangalifu zaidi. Mkikusanya nguo zilizovaliwa, zifueni, zipigeni pasi, na ile ambayo ninyi msingemvisha mtoto wenu mbele ya altare iondolewe bila majadiliano. Kwa fedha kidogo mnaweza kupata nguo nzuri za mitumba Memorial au Kiboriloni, mradi mmekwenda na vipimo vya mtoto. Sare za shule msinunue Desemba kwa kukisia, kwa sababu rangi na mishono hutofautiana shule kwa shule.

Kupeleka

Mifuko iende jioni, baada ya magharibi, kwa mkono wa watu wawili wanaofahamika katika nyumba hiyo. Iwe mifuko ya kawaida ya sokoni, isiyo na maandishi, ya aina tofauti tofauti. Jumuiya ambayo imeshona fulana za sherehe isizivae siku hii. Gari likiwepo, liachwe mbali kidogo.

Pasipigwe picha. Najua wafadhili wengine huomba ushahidi, na ushahidi wao ni risiti za sokoni na sahihi za wanakamati. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, suala la kutumia taarifa za mtu bila ridhaa yake limekuwa pia suala la kisheria hapa Tanzania, lakini hata isingekuwepo sheria, sura ya 6 ya Injili ya Mathayo, inayotuagiza kutoa sadaka kwa siri, ingetutosha.

Maneno yawe machache. Sisi husema hivi: “Mama, jumuiya inakutakia Krismasi njema. Jumamosi tunakula wote kwa mwenyekiti, tunakuomba uje mapema utusaidie kukata kachumbari.” Sehemu ya pili ya maneno hayo ndiyo iliyobadilisha jumuiya yetu. Kila kaya inayopokea mfuko iombwe kazi mahsusi katika mlo: mmoja asimamie mchele, mwingine apange viti, kijana wao awashe muziki, babu afungue kwa sala. Anayekuja akiwa na kisu chake cha vitunguu haji kama mgeni. Bibi yule niliyemtaja mwanzoni, mwaka uliofuata tulimpelekea mfuko Jumanne usiku, tukamwomba atuongoze nyimbo nne za Noeli. Alituuliza ni zipi. Tukamwambia achague mwenyewe. Jumamosi alifika saa mbili asubuhi, kabla ya wapishi, akiwa na karatasi aliyoandika nyimbo saba.

Mlo wenyewe

Kwa watu 120, watoto wakiwemo, wekeni mchele kilo 18 hadi 20. Kilo moja ya mchele ikipikwa pilau vizuri huwatosha watu sita au saba wenye kula. Mbuzi wa wastani hutoa kilo 10 hadi 12 za nyama na mifupa, kwa hiyo wawili wanatosha, mmoja kwa pilau na mwingine kwa mchuzi na supu. Mbuzi achinjwe na Mwislamu, kama ilivyo desturi yetu ya siku nyingi mitaani, ili majirani wote waweze kula bila kuuliza. Utumbo, kichwa na miguu msivitupe wala visipotee kimyakimya. Supu yake ndiyo inayowashibisha wapishi na vijana waliokesha. Pikeni pia sufuria moja la machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, kwa wasiopenda viungo, na mtori kidogo kwa wazee. Jambo la pombe liamuliwe kabla ya siku. Mbege ni kinywaji cha heshima katika shughuli zetu, lakini mlo wenye watoto wengi na watu wanaojitahidi kuiacha unakwenda vizuri zaidi bila hiyo.

Vuli huweza kunyesha hadi Desemba, hivyo turubai lifungwe tangu Ijumaa, hata kama mlima umeonekana mweupe asubuhi nzima.

Kabla ya kula pawe na ibada fupi, isiyozidi dakika arobaini, na ndani yake wakati wa kupatana. Kila jumuiya huingia Desemba ikiwa na watu wasiosalimiana, kwa sababu ya mpaka, mkopo wa kikundi au maneno ya watoto. Wazee wetu walituachia jani la isale, ambalo mkosaji humpelekea aliyemkosea akiomba msamaha, na anayepelekewa hulipokea kwa uzito. Mwenyekiti awaone wahusika nyumbani wiki mbili kabla, asilazimishe mtu, na kama wako tayari, wapeane mikono kimya wakati wa ibada. Maelezo ya ugomvi hayahitajiki hadharani.

Kupakua kuanzie kwa wazee, kisha watoto, na viongozi wawe wa mwisho. Sinia zichanganye watu wa nyumba tofauti. Pasiwe na meza kuu. Hotuba iwe moja, nayo iwe ya shukrani kwa wote, bila kutaja aliyetoa mbuzi wala aliyetoa gunia. Wafadhili wenu watalalamika mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili watakuwa wamezoea. Chakula kikibaki, kila mtu afungiwe, sio wachache.

Mkitaka kwenda kwenye taasisi

Jumuiya nyingine hupenda kutembelea makao ya watoto, wodi za hospitali au Gereza la Karanga. Andikeni barua wiki nne kabla: kwa mkuu wa gereza, kwa uongozi wa hospitali, au kwa msimamizi wa makao, na ulizeni kinachohitajika badala ya kubeba biskuti ambazo kila kundi linabeba. Makao ya watoto yanapaswa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri atawaambia yapi yanayo. Hospitalini, ofisi ya ustawi wa jamii inawafahamu wagonjwa walioruhusiwa kurudi nyumbani lakini wamekwama kwa deni au kwa nauli. Nauli ya kumfikisha mama mmoja Same au Rombo kabla ya Krismasi ni sadaka ambayo watu wengi hawaifikirii.

Wanaorudi kutoka Dar es Salaam na kwingineko

Ndugu wanaopanda mlimani mwezi huu huwa na moyo wa kutoa na muda mfupi wa kutoa. Jumuiya isiyo na mpango huwapeleka kwenye harambee ya bati, na mhitaji anabaki pale pale. Katibu awe na karatasi moja yenye namba za kaya na mahitaji ya Januari, bila majina: kaya namba 2, sare na viatu vya watoto wawili, kaya namba 7, kodi ya miezi miwili, kaya namba 5, paa la jiko. Anayetaka kusaidia achague namba, alipe kwa mtunza hazina au moja kwa moja kwa fundi au mwenye duka, na apewe risiti. Akisisitiza kumwona mhitaji uso kwa uso, mwambieni kwa upole kwamba watakutana kwenye mlo, nao watakutana kweli.

Januari

Kamati ikutane tena Jumamosi ya kwanza ya Januari, wakati shule zinakaribia kufunguliwa. Elimu ya msingi na ya sekondari hadi kidato cha nne haina ada katika shule za serikali tangu mwaka 2016, lakini sare, viatu, madaftari na begi havijawahi kuwa bure, na hapo ndipo kaya nyingi zilizokula vizuri Krismasi hukwama. Zile shilingi 90,000 zilizobaki, pamoja na zilizotolewa na wageni, zitumike sasa. Mpelekeni mtoto mwenyewe kwa fundi, apimwe, na mama yake awepo. Fundi aambiwe aache upindo mrefu wa chini ili sketi au suruali idumu miaka miwili. Lipeni nusu mwanzo na nusu mkipokea nguo.

Kisha mtunza hazina asome hesabu mbele ya jumuiya: kiasi kilichoingia, kilo za mchele na mbuzi waliotolewa, kilichotumika kwa mlo, kilichotumika kwa kaya nane bila jina hata moja, na risiti zipite mkono kwa mkono. Katika ukurasa wa mwisho wa daftari andikeni mambo ambayo mngetaka kuyajua Oktoba iliyopita: kwamba viti vilipungua kumi na tano, kwamba kaya namba 3 imehamia Msaranga na ina mwenyeji mpya wa kuifuatilia, kwamba mtoto wa kaya namba 6 huvaa kiatu namba 36 na mguu bado unakua. Daftari likabidhiwe kwa katibu wa mwaka unaofuata siku hiyohiyo, likiwa limefungwa ndani ya bahasha.